Je, Wajua? Tisa moja iliyozidi

Je, wajua kwamba simu ya kwanza ya 911, namba ya dharura ya Marekani, haikupigwa na mtu aliyekuwa hatarini? Ilikuwa tarehe 16 Februari 1968, mji mdogo wa Haleyville, Alabama. Spika wa bunge la jimbo, Rankin Fite, alipiga. Mbunge Tom Bevill akapokea kwenye simu nyekundu.

Je, wajua kwamba Waingereza waliwatangulia Wamarekani kwa zaidi ya miaka 30? London ilianza kutumia 999 tarehe 30 Juni 1937. Karibu miaka miwili kabla, moto wa nyumba katika mtaa wa Wimpole uliua wanawake watano. Jirani aliyewapigia zimamoto aliishia kwenye foleni ya opereta. Kwa hasira akaliandikia gazeti la The Times.

Je, wajua kwamba New Zealand walichagua 111? Simu zao za kuzungusha zilipangwa tarakimu kinyume, hivyo tundu la 1 lilikaa pale pale penye 9 ya Mwingereza.

Je, wajua kwamba unaweza kupiga 911 bila kukosea tarakimu hata moja, na simu isitoke? Desemba 2013, katika hoteli moja ya Marshall, Texas, Kari Hunt alishambuliwa na mumewe aliyekuwa ametengana naye. Binti yake wa miaka 9 alipiga 911 mara nne, kama alivyofundishwa. Kila mara, kimya. Simu za hoteli ile zilitaka mtu abonyeze kwanza 9 ya kutokea nje, na hakuna aliyemwambia mtoto. Mama akafa.

Baba yake Kari hakukubali yaishie hapo. Alizunguka na madai yake hadi Bunge la Marekani likapitisha Sheria ya Kari, iliyotiwa saini tarehe 16 Februari 2018, miaka 50 kamili tangu simu ile ya Haleyville. Inataka simu za hoteli, ofisi na shule zipige 911 moja kwa moja, na mapokezi au walinzi wa jengo wapate taarifa papo hapo. Kurekebisha mitambo mingi ni suala la mipangilio tu, na hilo ndilo linalokera: kwa nini lilisubiri kifo?

Je, wajua kwamba sheria hiyo ina mwanya? Inabana mitambo iliyotengenezwa, kuuzwa au kufungwa baada ya 16 Februari 2020. Ya zamani imeachwa.

Je, wajua kwamba anwani ya jengo peke yake haitoshi? Ghorofa 40, mgonjwa yuko ipi? Sheria nyingine ya 2018, yenye jina la Ray Baum, inataka simu ipeleke pia ghorofa na chumba.

Je, wajua kwamba Marekani simu ya mkononi isiyo na laini hupiga 911, lakini Uingereza simu hiyo hiyo haipigi 999? Ujerumani nayo ilifunga mlango huo mwaka 2009. Sababu? Watu wa mzaha.

Msomaji uliyeko Marekani, unayelala hotelini au unayefanya kazi kwenye jengo la zamani: waulize mapokezi kama 911 hutoka bila 9. Waulize tu, usiijaribu mwenyewe kwa kupiga.