Kufundisha Kiingereza cha Biashara Ng'ambo ya Rusumo

Ukisema "kufundisha nje ya nchi" wengi hufikiria ndege. Kwetu Ngara nje ya nchi ni ng'ambo ya daraja la Rusumo, na ukipita Kabanga ni mwendo mfupi tu kufika Kobero, Burundi. Vijana wa parokia zetu za Ngara na Biharamulo waliosomea ualimu wanatuuliza mara kwa mara kama inafaa kuvuka kwenda kufundisha Kiingereza cha biashara. Tunasema inafaa, ila kuna mambo ya kujua kabla ya kufungua kitabu.

Wanaohitaji somo hilo ni wengi. Rwanda na Burundi ziliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mkataba wa Jumuiya ulikitaja Kiingereza kuwa lugha yake rasmi. Mwaka 2008 Rwanda iliamua Kiingereza kishike nafasi ya Kifaransa shuleni. Burundi ikakifanya moja ya lugha zake rasmi mwaka 2014. Mtu mzima aliyesoma kwa Kifaransa akajikuta anatakiwa kuandika ankara na barua za biashara kwa lugha ngeni. Hata mama anayevusha mchele au maharage anaguswa. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya unampa nafuu ya ushuru kwa mzigo wa hapa Afrika Mashariki usiozidi dola 2,000, mradi awe na cheti chake. Asipoweza kusoma fomu ya Kiingereza atamlipa mtu amsomee, na faida inaishia mfukoni mwa huyo.

Shida ipo kwenye vitabu. Vingi vimetungwa Uingereza au Marekani, na somo la kwanza huwa ni kujitambulisha: unatoka wapi, wazazi wako wanafanya kazi gani, una ndugu wangapi? Mwanafunzi wa London hujibu bila hata kufikiri. Huku kwetu maswali hayo ni mazito. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo na kuingia Ngara, wakajaza eneo la Benaco. Katika darasa la watu wazima upande wa Rwanda anaweza kuwemo aliyebaki peke yake katika ukoo, na aliyezaliwa kambini, na ambaye baba yake alifungwa. Kumsimamisha mtu wa namna hiyo ahesabu ndugu zake mbele ya wenzake, ili mwalimu apate kusahihisha umoja na wingi, ni ukatili hata kama haukukusudiwa. Na wiki inayoanza tarehe 7 Aprili ni ya maombolezo kitaifa. Michezo ya darasani na vichekesho viwekwe kando.

Kabila lisiulizwe kabisa. Rwanda iliondoa kabila katika vitambulisho baada ya mauaji ya kimbari, na sheria zake ni kali kwa maneno yanayogawa watu. Sisi Watanzania tumezoea utani wa makabila, Mhaya na Msukuma wanachekana sokoni na hakuna anayenuna. Utani huo uuache upande huu wa daraja.

Mgeni anayekuja kufundisha kwetu naye ana la kujifunza. Mwaka 2013, wakati wa Operesheni Kimbunga, maelfu ya watu waliondoka Kagera, baadhi yao wakiwa wameishi hapa miaka mingi, wana mashamba na wajukuu. Tangu hapo swali la "unatoka wapi" likiulizwa na mtu mwenye kalamu na karatasi husikika kama la afisa uhamiaji. Mwanafunzi akinyamaza, usidhani ni mzito wa kuelewa.

Ni afadhali kuanza na mzigo. Una kilo ngapi? Umenunua soko gani? Unapokea faranga au shilingi? Watu huzungumza, sarufi inapatikana ileile, na mambo ya nyumbani mwanafunzi atayaeleza mwenyewe siku akitaka. Aristotle, ambaye tunamsoma sana huku seminarini, alisema kwamba anayetaka kushawishi lazima awajue wanaomsikiliza. Sijui kwa nini waandishi wa vitabu vya biashara wamemwachia sisi.

Halafu kuna kukataa. Kitabu humfundisha mfanyabiashara kusema hapana waziwazi. Mtu wetu asiyetaka bei husema "tutaona" au "ngoja nikashauriane na mwenzangu", na mwenye masikio ameelewa. Hatuoni sababu ya kumfundisha kwamba adabu hiyo ni udhaifu. Afundishwe zote mbili, na ajue mteja wa mbali akisikia "tutaona" ataendelea kusubiri.

Mhangaza ana bahati, maana lugha yake iko karibu sana na Kirundi, na salamu ya "mwaramutse" inaeleweka pande zote. Ila ukaribu huo hudanganya. Mtu hujiona yuko nyumbani, akasahau kuuliza. Kardinali Lavigerie aliwaagiza wamisionari wake wajifunze lugha ya wenyeji kwanza, hata kuzungumza wao kwa wao kwa lugha hiyo. Mwalimu wa Biharamulo anayezungumza Kisukuma au Kihaya ana kazi hiyo mbele yake.

Jambo la mwisho ni saa, na hapa pesa hupotea kweli. Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu kwa saa moja. Zaidi ya hapo, saa mbili asubuhi yetu Kiingereza huiita saa nane, na Wanyarwanda nao huhesabu kama sisi. Kwa hiyo unapofundisha kuandika miadi ya kupokea mzigo, mzoeze mwanafunzi kuandika saa, kisha asubuhi au jioni, kisha ni saa ya upande gani wa mto.