Jicho Lisilongoja

Mtoto azaliwapo na uso usiotimia, taya la upande mmoja likiwa fupi na sikio la upande uleule limebaki kinyama tu, wazee wake, wakiwa Kamina huko Kongo au penginepo, huuliza kwanza kama uso huo utarekebika. Swali hilo ni la haki. Lakini taya na sikio huweza kungoja miaka kadhaa kabla ya kufanyiwa upasuaji, ilhali jicho halingoji.

Asili ya kilema hiki ni kati ya wiki ya nne na ya nane ya mimba, pale matao mawili ya nyama changa, yatakayofanya taya, sikio na misuli ya uso, yanapopungukiwa katika kukua. Wala si husuda ya jirani. Na walioeleza vilema vya uso vya namna hii walilitazama jicho pia: Edward Treacher Collins, aliyeandika habari za mashavu yaliyobonyea na kope za chini zenye pengo mwaka 1900, alikuwa tabibu wa macho huko London. Na mwaka 1952 Maurice Goldenhar aliunganisha vinyama vya mbele ya sikio na uvimbe wa juu ya jicho.

Uvimbe huo ni mweupe wenye kuelekea umanjano, umekaa mpakani mwa weupe wa jicho na kioo chake, chini kuelekea sikioni, na pengine humea vinywele viwili vitatu. Hauumi, wala si saratani, ndiyo maana hudharauliwa. Kumbe hukipinda kioo cha jicho, na ubongo, ambao hujifunza kuona katika miaka saba au minane ya mwanzo, ukiletewa picha yenye ukungu hulipuuza jicho lile hata likawa vivu. Kope yenye pengo nayo, au isiyofumba kwa udhaifu wa neva, huacha kioo kikauke na kuingia kovu. Marhamu ya kulainisha jicho na kope kufungwa usiku huzuia mengi.

Kutoka Kamina, ingawa ni njia panda ya reli, safari ya kwenda kliniki za chuo kikuu cha Lubumbashi si nyepesi. Lakini muuguzi asiye na chombo chochote aweza kumfunika mtoto jicho moja kwa kiganja, kisha la pili. Akitulia mara ya kwanza na akalia mara ya pili, basi amefunikwa jicho analolitumia, na lililobaki wazi ndilo la kupelekwa kwa tabibu.