Bunia: Kuanza kazi ya kutengeneza nyumba kwa mtaji mdogo

Mjini Bunia, mji mkuu wa jimbo la Ituri, nyumba za kutengeneza hazikosekani: mabati yanavuja, kuta za matofali mabichi zinalowa, milango imeoza. Vijana mafundi wapo pia. Kinachowakwamisha wengi ni mtaji, kisha uaminifu.

Mtaji mdogo unatosha ikiwa mwenye nyumba ananunua mwenyewe simenti, mabati na rangi, nawe unalipwa kazi ya mikono tu. Utahitaji mwiko, nyundo, msumeno, kipimamaji na kamba. Ngazi unaweza kuikodi. Njia hii inakukinga pia. Simenti nyingi hutoka Uganda, na mapigano yakifunga barabara, bei hupanda kazi ikiwa katikati. Fundi aliyepatana bei ya jumla ndiye anayebaki na hasara.

Hatari kubwa ni avansi. Anayekula avansi ya mteja wa kwanza hulazimika kutafuta wa pili ili amalize kazi ya yule. Kwa hiyo andikeni karatasi: kazi gani, siku ngapi, malipo kwa hatua ngapi. Faida ya kwanza inunue chombo. Likelemba na wenzako inaweza kuleta kingine.

Kuhusu sheria, Kongo iko katika OHADA tangu 2012. Sheria hizo zinamtambua mfanyabiashara mdogo, kwa Kifaransa entreprenant, ambaye hutoa tamko tu bila kuandikishwa kama kampuni.

Kiangazi cha Desemba hadi Februari ndicho wakati wa mapaa na kuta. Wateja watafutwe kabla ya hapo, kuanzia mtaani kwako.