Makumbi ya nazi yaweza kuokoa nyanya Migori, mradi mchanganyiko uwe safi

MKULIMA wa Migori anayeacha tumbaku na kugeukia nyanya huweza kukutana na adui asiyeonekana kwa macho. Mimea hustawi na kuchanua vizuri, kisha siku moja ya jua kali majani hulegea ilhali udongo ungali na unyevu. Baada ya siku chache mche hufa ukiwa bado wa kijani, na wa jirani yake hufuata.

Ugonjwa huo ni mnyauko wa bakteria, na kijidudu kinachouleta huitwa na wataalamu Ralstonia solanacearum. Nyanya, viazi, biringanya, pilipili na tumbaku ni mimea ya ukoo mmoja, na yote hushambuliwa na kijidudu hicho. Hukaa udongoni kwa miaka mingi hata pasipo zao, na hakuna dawa ya kunyunyizia inayoponya mmea uliokwisha kuambukizwa.

Hapo ndipo ilipo shida ya Migori. Zao la tumbaku limepandwa huko kwa mikataba na kampuni tangu miaka ya 1970, hususan katika maeneo ya Kuria na Suna. Shamba lililoambukizwa wakati wa tumbaku hubaki limeambukizwa wakati wa nyanya. Mwaka wa 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa ya WHO, FAO na WFP, yakishirikiana na serikali ya Kenya, yalianza kuwasaidia wakulima wa kaunti hiyo kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Maharagwe si wa ukoo wa tumbaku, hivyo huepuka sehemu kubwa ya balaa hilo. Lakini anayetaka nyanya kwa ajili ya soko hana budi kutafuta njia nyingine.

Kwanza na ahakikishe kuwa ugonjwa ni huo. Akate kipande cha shina la mche ulionyauka, karibu na ardhi, akining'inize ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Uzi mweupe kama maziwa ukianza kuteremka kutoka kwenye jeraha katika muda wa dakika chache, basi ni mnyauko wa bakteria. Maji yakibaki safi, huenda tatizo ni ukame, kuvu au minyoo ya mizizi.

Njia mojawapo ya kuukwepa udongo mgonjwa ni kupanda ndani ya vyombo: ndoo, madebe, magunia au mifuko yenye matundu chini. Hata hivyo chombo kikijazwa udongo wa shamba lilelile, hakuna kilichookolewa. Ndiyo sababu wakulima wa sehemu nyingi duniani hutumia makumbi ya nazi badala ya udongo. Nyanya na stroberi za nyumba za vioo huko Ulaya hupandwa humo, na vivyo hivyo bangi ya wakulima wenye leseni nchini Kanada, ambako zao hilo liliruhusiwa mwaka wa 2018. Nchini Kenya kilimo cha bangi kingali kosa chini ya sheria ya dawa za kulevya ya mwaka wa 1994, lakini elimu ya mchanganyiko wenyewe inamfaa sawasawa mkulima wa nyanya, sukuma wiki au pilipili hoho.

Makumbi si kitu kigeni kwa Waswahili. Katika mwambao, kina mama wamekuwa wakiyafukia ufuoni hadi yaoze, kisha wakiyaponda ili kupata usumba wa kusokotea kamba. Mitepe ya Lamu, vile vyombo vya kale vya baharini, ilishonwa kwa kamba hizo bila msumari hata mmoja. Kilichokuwa kikitupwa ni ule unga wa kahawia unaobaki baada ya nyuzi kutolewa. Unga huo ndio unaotafutwa leo. Hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake na bado huacha nafasi ya hewa kwa mizizi, jambo ambalo mfinyanzi mweusi wa Nyatike hauwezi.

Zaidi ya yote, unga wa makumbi haukutoka kwenye shamba la tumbaku wala la nyanya. Faida yake kubwa ni usafi huo. Basi mkulima akumbuke neno moja tangu mwanzo hadi mwisho: kila anachouchanganya nacho chaweza kuurudisha ugonjwa aliokuwa akiukimbia.

Makumbi yenyewe yana kasoro mbili. Ya kwanza ni chumvi. Mnazi huota karibu na bahari, na makumbi yaliyolowekwa ufuoni hubeba chumvi ya kutosha kuunguza miche michanga. Ya pili ni kwamba yana chakula kidogo sana cha mimea. Yana potasiamu kwa wingi, lakini naitrojeni ni haba, na kalsiamu huvutwa na kushikiliwa na unga wenyewe hata mmea ukaikosa. Nyanya inayokosa kalsiamu huoza kitako kabla ya kuiva.

Dawa ya kasoro ya kwanza ni kuosha. Makumbi ya kilimo huuzwa yakiwa yameshindiliwa kama matofali, na hilo ni jambo jema kwa Migori, ambayo iko zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa kwa barabara. Tofali la kilo 5 likilowekwa hufumuka na kutoa kiasi cha lita 60 hadi 70. Liloweke katika maji safi, liache livimbe, kisha uuchuje unga juu ya gunia au wavu. Rudia mara tatu, hata kama muuzaji amesema umekwisha kuoshwa.

Kasoro ya kalsiamu hurekebishwa kwa jasi, madini meupe yanayochimbwa ardhini na yanayokubalika katika kilimo hai. Koroga gramu 40 katika ndoo ya lita 20 za maji, kiasi ambacho hakiko mbali na ukomo wa jasi kuyeyuka. Loweka makumbi humo kwa siku nzima, yachuje, kisha rudia mara moja. Kalsiamu hukaa mahali pa chumvi, nayo chumvi huondoka na maji. Wakati wa kuchanganya ongeza gramu 40 nyingine za jasi kavu kwa kila debe la makumbi.

Sasa mchanganyiko. Kipimo chaweza kuwa debe, ndoo au karai, mradi kisibadilike. Kwa nyanya za kwenye ndoo, chukua vipimo vitano vya makumbi yaliyooshwa, vitatu vya mboji iliyoiva na kuchekechwa, na viwili vya makapi ya mpunga yaliyochomwa hadi yakawa meusi bila kugeuka majivu. Makapi hayo hufungua njia za hewa na maji. Tofali moja la kilo 5 kwa mpango huu hutosha kujaza ndoo nane hivi za lita 15. Kwa kitalu cha miche, vipimo viwili vya makumbi na kimoja cha mboji laini vinatosha.

Mboji ndiyo chakula cha mmea, na ndiyo pia mlango mkubwa wa ugonjwa. Mashina ya tumbaku, mabaki ya nyanya na maganda ya viazi yasiingie kamwe kwenye rundo la mboji hii. Tumbaku hubeba hata virusi vya batobato vinavyoambukiza nyanya. Rundo lipate joto la nyuzi 55 au zaidi kwa siku kadhaa, ligeuzwe ili sehemu za nje nazo ziingie ndani, kisha liachwe hadi lipoe na kunuka kama udongo wa msituni. Samadi mbichi ya ng'ombe au mbuzi isitiwe moja kwa moja, kwa kuwa ina chumvi na huunguza mizizi.

Migori na Homa Bay zina malighafi nyingi za mboji, na kila moja ina sharti lake. Makapi ya miwa kutoka viwanda vya sukari vya Awendo na Ndhiwa ni mazuri, lakini yakitumiwa mabichi hunyang'anya mimea naitrojeni yanapooza. Ni lazima yaive kwanza pamoja na samadi. Mabaki ya omena na matumbo ya samaki kutoka Muhuru Bay, Sori au Mbita yana naitrojeni, fosforasi na kalsiamu ya mifupa. Nayo yafunikwe ndani ya rundo hadi yaoze kabisa. Magugu maji, yaliyovamia Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, huoza upesi, ila yana tabia ya kufyonza metali nzito. Yasichukuliwe karibu na mifereji ya taka wala machimbo.

Majivu ya jikoni, yanayopendwa na wengi, yaachwe. Makumbi tayari yana potasiamu nyingi, na majivu huongeza potasiamu hiyo na kuifanya kalsiamu iwe ngumu zaidi kupatikana.

Jambo la kuangaliwa kwa uzito zaidi ni mchanga. Yupo atakayeshawishika kuongeza mchanga wa mtoni au kifusi cha machimbo ya dhahabu ili mchanganyiko uwe mwepesi. Huko Macalder na sehemu nyingine za Nyatike, wachimbaji wadogo wametumia zebaki kunasa dhahabu. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 kuhusu ukanda wa dhahabu wa Migori ulikuta viwango vya juu vya zebaki, risasi na aseniki katika mabaki ya machimbo na mashapo ya mito. Sumu hizo haziozi wala hazioshwi kwa maji. Chombo cha mboga hakifai kutiwa udongo wa aina hiyo hata konzi moja.

Kabla ya kupanda, jaribu mchanganyiko. Weka mbegu 20 za sukuma wiki katika kikopo cha mchanganyiko na 20 nyingine katika udongo unaoujua kuwa mzuri. Baada ya siku saba linganisha. Ikiwa mbegu za mchanganyiko zimeota chache, au ncha za majani zimeungua, chumvi bado ipo. Osha tena kwa maji safi na urudie jaribio. Mbegu 20 zikipotea si hasara kama miche ya msimu mzima.

Baada ya kupanda, ndoo zikae juu ya mawe au mbao, zisiguse udongo wa shamba. Jembe, mikono na viatu vilivyotoka shambani vioshwe kwanza. Maji ya mvua au ya kisima ni salama kuliko ya mfereji unaopita katika mashamba ya nyanya na tumbaku, kwa sababu bakteria husafiri na maji. Mwagilia hadi maji kidogo yatoke chini, ili chumvi isijikusanye. Usidanganywe na uso mkavu. Ingiza kidole hadi kiungo cha pili kabla ya kuongeza maji. Kila baada ya wiki mbili au tatu ongeza konzi chache za mboji juu ya mizizi.

Makumbi hayatoshi kuchukua mahali pa ekari nzima, wala si lazima. Asiye na fedha nyingi ayatumie kwanza kwenye kitalu, kwa kuwa mche uliozaliwa katika udongo mgonjwa huubeba ugonjwa kokote upelekwako. Mchanganyiko usiopatwa na ugonjwa waweza kuoshwa, kuongezwa mboji mpya na kutumika tena kwa misimu miwili au mitatu. Ndoo ambayo mche wake umenyauka kwa bakteria itolewe siku hiyohiyo. Mmea uchomwe, chombo kioshwe kwa dawa ya kuua viini, na mchanganyiko wake usirudishwe kwenye ndoo nyingine wala kumwagwa shambani.