Madini ya Shinkolobwe: Nani Anayachunga?

Vijana wa hapa Golf wanauliza mara na mara: "Shinkolobwe iko kwetu, karibu na Likasi. Juu ya nini watu wa Ulaya wanakuja kuhesabu uraniamu yetu?" Ulizo ni zuri.

Uraniamu iliyochimbwa kule na Union Minière ilitumika sana katika bomu iliyoangushwa Hiroshima, tarehe 6 Agosti 1945. Jiwe lilitoka kwetu, maiti zikalala mbali. Ndiyo maana mataifa yalipatana kuchunga pamoja. Shirika lao, AIEA, lilianzishwa mwaka 1957, na makao yake ni Vienna. Mapatano yake na inchi yetu yalianza kutumika mwaka 1972.

Kazi yake ni kama ya wazee wanaohesabu sadaka pamoja na mutunza feza. Wanasoma kitabu, wanahesabu vitu, wanatia alama ya kufunga. Kama kitabu kinasema kumi na sanduku lina tisa, lazima kuuliza. Lakini alama haimuzuizi mwizi; inaonyesha tu kwamba aliingia. Lupango, kufuli na walinzi ni kazi ya kila inchi yenyewe.

Tuliona hasara yake. Kinshasa ilikuwa na mashini ya atomu iliyowashwa mwaka 1959, ya kwanza katika Afrika yote. Miaka ya 1970, vyuma viwili vya uraniamu viliibiwa pale. Kimoja kilipatikana Italia mwaka 1998, mikononi mwa majambazi. Cha pili, mupaka leo hakijulikani kiko wapi.

Na Shinkolobwe? Januari 2004 Raisi alikataza kuchimba pale. Watu waliendelea kutafuta kobalti, na mwezi wa Julai udongo ukaanguka, ukaua watu. Mwaka ule ule wajuzi wa Umoja wa Mataifa walifika, wakaonya: mashimo yanaweza kuanguka tena, na vumbi lake si la kuvutwa siku zote.

Basi wazazi, tusiseme ni kazi ya Vienna peke yake. Mukaguzi anakuja siku moja, anarudi kwao. Sisi tunabaki. Kijana akileta jiwe zito lisilojulikana, lisilale chini ya kitanda, watoto wasilichezee. Musinunue, musiuzishe, mupashe habari kwa wakubwa wa serikali. Mulinzi wa kwanza analala ndani ya nyumba yenu.