Mtu wa Visiwani Aishipo Njombe

Si jambo la ajabu siku hizi kusikia lafudhi ya Kipemba katika soko la Makambako. Wako waliokwenda kununua mbao na viazi, wako waliomfuata jamaa wakafungua duka, na wako watumishi wa idara za Muungano waliopewa uhamisho. Wote hao waulizwapo habari za huko hutanguliza neno moja, nalo ni baridi. Baada ya hapo husikii mengi. Uhamisho wa kwenda nyanda za juu kusini bado huchukuliwa na wengi kuwa ni adhabu, na mtu anayedhani ameadhibiwa hatazami nchi aliyomo. Huhesabu siku tu.

Sisi twaona yafaa kuieleza nchi hiyo kama ilivyo, kwa faida ya wale watakaokwenda na ya wakuu wanaowapeleka.

Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia huachana hapo na barabara ya Njombe na Songea. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa baina ya 1970 na 1975, huibukia hapo baada ya kupanda kutoka bonde la Kilombero. Kipande cha Mlimba hadi Makambako, chenye urefu wa kilomita 157, kilihitaji mahandaki 18, na ndicho kilichowatesa zaidi wajenzi. Wachina waliofanya kazi hiyo pamoja na Watanzania na Wazambia walikuwa wageni kuliko mgeni yeyote wa leo: hawakuijua lugha, wala hawakuletewa jamaa zao. Hata hivyo walilima mboga zao kando ya kambi, wakazila. Mtu apandaye mboga amekubali kuwa atakuwapo zitakapokomaa, na jambo hilo mtumishi wetu anayekaa miaka mitatu bila ya kulifungua sanduku lake angelifikiria.

Kutoka Makambako hadi Njombe mjini ni mwendo wa kilomita 60 hivi kwenda kusini, na njia yote ni ya kupanda. Njombe imekaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ilipofanywa mkoa wenyewe. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu hushuka asubuhi hata mtu asimwone jirani yake ng'ambo ya barabara, na maji ya udhu wa alfajiri hukata vidole. Sweta moja halitoshi. Wenyeji huvaa koti zito la mitumba bila ya kuona haya, na mgeni ajionaye nadhifu kwa shati la Darajani huchukua wiki moja tu kuwaelewa.

Hapa pana jambo lisilo la mzaha. Mtu wa pwani amezoea jiko la mkaa kuwa uani, penye upepo. Afikapo Njombe, baridi ikimzidi, huliingiza jiko chumbani, akafunga mlango na dirisha, akajifunika blanketi akalala. Mkaa ukiungua mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huingia katika damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Mtu huhisi kichwa kizito na usingizi mtamu, hudhani kuwa sasa amepata joto, na asubuhi haamki. Watu wameangamia namna hiyo katika mikoa ya baridi, wengine pamoja na watoto wao. Wenyeji huliota jiko jioni, na wakati wa kulala hulitoa nje hata kama makaa yangali mekundu.

Barua ya uhamisho humweleza mtumishi tarehe ya kuripoti, cheo chake na kituo chake. Kuhusu jiko haisemi kitu, wala kuhusu mablanketi. Twaziomba idara zinazohusika ziongeze ukurasa mmoja tu katika barua hizo, kwani gharama yake ni karatasi.

Kuna na jambo la pili, nalo huongewa kwa kunong'ona. Uchunguzi wa afya wa 2022 na 2023 ulionyesha kuwa katika Mkoa wa Njombe watu wazima 12.7 katika kila mia wanaishi na virusi vya UKIMWI, na wastani wa nchi nzima ulikuwa 4.4. Hatutaji tarakimu hizi ili kuwatia aibu wenyeji wetu. Mji wa njia panda, ambamo magari makubwa hulala kila usiku, hubeba mizigo ya watu wengi wasio wa hapo. Lakini mkuu anayemtenga mtumishi kijana na mkewe, kwa kuwa fedha za kuhamisha jamaa hazikutoka, yafaa azijue tarakimu hizo kabla ya kutia saini.

Tukija kwenye chakula, mgeni wa Visiwani hatakufa njaa, ila itambidi ajifunze upya majina. Akiuliza mbatata sokoni, muuzaji atamtazama. Aulize viazi, naye ataonyeshwa vya kila namna, kwa kuwa Njombe ni miongoni mwa mikoa inayoongoza kwa zao hilo nchini. Mfanyabiashara aangalie tu gunia lisishonwe kwa lumbesa, kilemba kile cha juu ambacho sheria ya vipimo hukikataza na bado twakiona barabarani. Maharage ni mazuri, mahindi hayana mfano, na parachichi limekuwa zao la kupeleka ng'ambo. Nazi ipo kwa bei ya kusikitisha. Pweza asahau. Nyama ya nguruwe huuzwa waziwazi, hivyo mtu asione taabu kuuliza anacholetewa mezani, hakuna atakayechukia.

Ulanzi nao wataka maelezo. Ni maji ya mwanzi mchanga, ambao hukatwa ncha na kukingwa chombo wakati wa mvua. Ukiwa mpya ni mtamu, na mwenyeji atakukaribisha kwa moyo mweupe akisema kuwa huo si ulevi. Asemavyo ni kweli, kwa saa ile. Sisi tuliolijua tembo la mnazi hatuhitaji kufundishwa mambo hayo: la asubuhi silo la jioni.

Wabena ni watu wa heshima na si watu wa maneno mengi. Mtoto wa kike humwamkia mkubwa kwa kupiga goti, na "kamwene" ya mgeni, hata akiitamka vibaya, hupokewa kwa furaha. Wako wageni wanaodhani ukimya huo ni chuki. Sivyo. Isitoshe, nchi hiyo imeijua pwani zamani kuliko sisi tulivyoijua Njombe. Katika enzi ya Mwingereza vijana wa huko walichukuliwa kwa maelfu kwenda kukata mkonge wa Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa namba walizopewa. Walifika katika joto wasilolizoea na chakula wasichokijua, na watu wa mwambao waliwacheka kwa lafudhi yao. Mjukuu wa manamba leo ndiye mwenye nyumba anayempangisha mtu wetu chumba, na mara nyingi humwongezea blanketi kabla hajaombwa.

Kuhusu matembezi, watu wengi hurudi Visiwani baada ya miaka hawajaona kitu isipokuwa ofisi na kituo cha mabasi. Kando tu ya mji wa Njombe, karibu na barabara ya Makambako, yako maporomoko ya mto Ruhuji, ambayo hata mwenye mtoto mgongoni huyafikia kwa miguu. Maji yale huteremka hadi Kilombero, na Kilombero huingia Rufiji, mto ambao delta yake ilitoa boriti za nyumba zetu za Mji Mkongwe. Katika Rufiji hiyo hiyo Bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme 2024, likiingiza katika gridi ambayo Unguja na Pemba huchota kwa waya wa chini ya bahari. Apitaye pale basi ayatazame maji hayo kwa adabu kidogo.

Kibena na Luponde pana mashamba ya chai yaliyokatwa kama zulia. Iko pia misitu ya miwati, ambayo maganda yake hutengeneza dawa ya kulainisha ngozi, na kampuni iliyoipanda ilianza 1949.

Lakini cha kuonwa kuliko vyote ni Kitulo, huko Makete. Ni uwanda wa juu wa majani, uliofanywa Hifadhi ya Taifa 2005, wenye eneo la kilomita za mraba 413. Wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Kuanzia Desemba hadi Aprili hufunikwa na maua, yakiwamo ya okidi, ambayo mizizi yake huchimbwa kwa magendo na kupelekwa Zambia kupikwa chikanda. Katika misitu iliyoambatana nao yumo kipunji, nyani ambaye wataalamu walimtangaza kwa ulimwengu 2005 na ambaye wawindaji wa huko walikuwa wakimjua siku zote. Sisi tulio na kima punju wetu wa Jozani tungependa sana wanafunzi wa Visiwani wamwone ndugu yake huyo.

Taabu ya Kitulo ni kwamba maua huchanua wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndipo njia za milimani huharibika. Wizara zinazohusika na utalii na barabara zingekaa pamoja juu ya jambo hili kabla ya Desemba. Anayekwenda mwaka huu na achukue gari lenye magurudumu manne yanayosukuma, viatu vya mpira, na lile koti.