Jiko na Meza ya Nyumbani: Shule ya Kwanza ya Imani



Wapendwa taifa la Mungu, kila mwaka wakati wa kuandikisha watoto kwa mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, sisi mapadre husikia ombi lile lile: "Padre, tunawaletea mtoto, mtufundishie, sisi wenyewe mambo haya hatuyajui vizuri." Ombi hilo hutolewa kwa unyenyekevu, nasi hatulidharau. Lakini ndani yake mna jambo linalotutia wasiwasi. Katekista hukaa na mtoto huyo saa chache tu kwa juma. Saa zilizobaki ni za nani? Tumewaona watoto waliokariri Amri Kumi na Sakramenti Saba bila kukosea, wakapokea Komunyo kwa shangwe, kisha baada ya muda mfupi wasionekane tena kanisani. Imani waliyoikariri darasani hawakuiona ikiishi nyumbani.

Katika makala haya tunapenda kueleza Kanisa linafundisha nini kuhusu nyumba kama shule, na kwa nini mahali pa kuanzia panaweza kuwa pale ambapo wengi wetu hatupafikirii: jikoni na mezani.

Mzazi ni mwalimu wa kwanza

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko lake kuhusu elimu ya Kikristo, Gravissimum educationis, la tarehe 28 Oktoba 1965, unafundisha kwamba wazazi, kwa kuwa wamewapa watoto uhai, ndio walezi wao wa kwanza na wakuu. Mtaguso unaongeza kwamba wajibu huo ni mzito kiasi kwamba ukikosekana, pengo lake huzibwa kwa shida. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Wosia wa Kitume Familiaris consortio wa mwaka 1981, alikaza kwamba haki na wajibu huo wa wazazi hauwezi kukabidhiwa wote kwa watu wengine, wala kunyang'anywa. Sheria ya Kanisa nayo, katika kanuni ya 774, inawataka wazazi kabla ya wengine wote kuwalea watoto katika imani kwa neno na kwa mfano wa maisha.

Hapa tunakutana na kile ambacho mafundisho jamii ya Kanisa hukiita kanuni ya auni: mkubwa humsaidia mdogo kutimiza kazi yake, hamnyang'anyi kazi hiyo. Shule, katekista na padre ni wasaidizi wa wazazi. Msaidizi akigeuzwa kuwa mwenye kazi, na mwenye kazi akawa mtazamaji, mtoto ndiye anayepata hasara.

Wapo wazazi waliouchukua wajibu huu kwa upana zaidi. Nchini Marekani, ambako elimu ya nyumbani inaruhusiwa kisheria katika majimbo yote 50, ziko familia za Kikatoliki zinazowafundisha watoto masomo yote nyumbani. Katika nyumba ya namna hiyo, somo na kazi ya nyumbani haviwezi kutenganishwa kwa ukuta. Mtoto hujifunza sehemu na vipimo akipima unga, na huuliza maswali yake makubwa kuhusu Mungu na kifo mikono yake ikiwa inamenya viazi.

Kwetu Tanzania sheria inamtaka mzazi kumwandikisha mtoto shuleni, na hatumshauri mtu yeyote kuivunja. Tunachosema ni kwamba shule ya nyumbani haijawahi kufungwa, hata pale ambapo wazazi wameisahau. Shule zetu zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa UVIKO-19, wazazi wengi walijikuta na watoto wao mchana kutwa. Wengine waligundua kwamba hawakujua watoto wao wanaogopa nini, wanapenda nini, wala kama wanajua kusali. Somo hilo lisipotee kwa kuwa milango ya madarasa imefunguliwa tena.

Bwana aliyeyafahamu mambo ya jikoni

Tukiisoma Injili kwa makini, tutaona ni mara ngapi Bwana wetu alifundisha kwa vitu vya nyumbani. Aliufananisha Ufalme wa Mungu na hamira ambayo mwanamke aliichanganya katika unga mpaka wote ukaumuka (Lk 13:20-21). Alisema juu ya chumvi iliyopoteza ladha, taa iliyowekwa juu ya kinara, kiraka cha nguo mpya katika vazi kuukuu. Yamkini mambo hayo aliyaona kwanza Nazareti, akiwa mtoto, Bikira Maria akikanda unga. Na baada ya ufufuko wake aliwangojea wanafunzi ufuoni, akiwa na moto wa makaa, samaki na mkate, akawakaribisha kula (Yn 21:9-13). Mshindi wa mauti hakuona aibu kuwapikia rafiki zake waliochoka.

Maandiko Matakatifu yanatuonesha pia kwamba imani ilipita kwa njia ya nyumba kabla haijapita kwa njia ya darasa. Katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 6, Waisraeli waliagizwa kuwafundisha watoto maneno ya Mungu waketipo nyumbani, watembeapo njiani, walalapo na waamkapo. Timotheo, aliyekuja kuwa mchungaji wa Kanisa la Efeso, aliipokea imani iliyokaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike (2Tim 1:5).

Kipande cha mkate katika nyumba ya Martin

Mfano mzuri tunaupata Ufaransa, katika familia ya Watakatifu Louis na Zélie Martin, waliotangazwa watakatifu kwa pamoja tarehe 18 Oktoba 2015. Zélie alikuwa mfumaji wa lesi mjini Alençon, mwenye wateja na wafanyakazi. Kati ya watoto wake tisa, wanne aliwazika wangali wadogo. Hakuwa na muda wa ziada. Hata hivyo alipata nafasi ya kuandika barua kwa ndugu zake na kwa binti zake waliokuwa shule ya bweni, na barua zaidi ya 200 zimehifadhiwa hadi leo. Humo aliandika habari za kazi, magonjwa, vituko vya watoto na tumaini lake kwa Mungu. Kwa sababu aliandika, sisi leo tunajua jinsi utakatifu ulivyokua katika nyumba yenye shughuli nyingi.

Binti yake mdogo, Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, anasimulia jambo moja la utotoni. Katika parokia za Ufaransa kulikuwa na desturi ya kugawa mkate uliobarikiwa, ambao si Ekaristi. Tereza alikuwa mdogo mno kwenda Misa, hivyo dada yake Céline humletea kipande. Siku moja Céline alirudi mikono mitupu. Tereza akamwomba autengeneze mwenyewe. Céline akafungua kabati, akakata kipande cha mkate, akakisalia Salamu Maria, na Tereza akafanya ishara ya Msalaba, akakila kwa ibada kubwa. Ni mchezo wa watoto, lakini hauwezi kuchezwa katika nyumba ambayo watoto hawajawaona wakubwa wakisali.

Zélie alifariki mwaka 1877, Tereza akiwa na miaka minne. Dada zake wakubwa waliendelea kumfundisha nyumbani hadi alipoanza shule mwezi Oktoba 1881. Jioni, baba yao alikaa nao kwa michezo na nyimbo, kisha wakasali pamoja. Tereza alikumbuka kwamba alimtazama baba yake akisali, na hapo akajua jinsi watakatifu wanavyosali. Ndugu akina baba, tulitafakari neno hilo. Shule ya nyumbani si kazi ya mama peke yake.

Malengo machache yanayowezekana

Tunawapendekezea mambo manne. Kwanza, chakula kimoja kwa siku, au walau kadhaa kwa juma, kiliwe na familia nzima, pakiwa na sala kabla na baada ya kula. Papa Fransisko alilikumbushia jambo hili katika Waraka Laudato si', namba 227. Simu ziwekwe mbali. Katika Wosia Amoris laetitia alitahadharisha juu ya mlo ambapo kila mmoja anatazama simu yake.

Pili, watoto wa kike na wa kiume waitwe jikoni. Anayechambua maharage hujifunza uvumilivu. Anayekanda unga wa maandazi na kungoja uumuke ataielewa hamira ya Injili kuliko kwa maelezo yetu ya altareni. Mzazi naye afurahie kupika pamoja nao. Mtoto huitambua haraka kazi inayofanywa kwa manung'uniko.

Tatu, kalenda ya Kanisa ionekane sahanini. Ijumaa za Kwaresima kusiwe na nyama, na mtoto aelezwe sababu. Konzi moja ya unga au mchele iwekwe pembeni kwa ajili ya jirani mhitaji. Pasaka na Noeli ziwe na chakula kinachongojewa.

Nne, mzazi awe na daftari. Mara moja kwa juma aandike mistari michache: swali aliloulizwa na mtoto, nia waliyoiombea, hata namna bibi alivyopika mboga fulani. Siku moja daftari hilo litakuwa urithi.

Tunajua si nyumba zote zinafanana. Yuko mama anayeuza chakula sokoni na kurudi usiku watoto wamelala. Yuko baba anayefanya kazi mkoa wa mbali. Wako watoto walio bweni karibu mwaka mzima. Kwenu hatuongezi mzigo. Chai ya asubuhi iliyotanguliwa na ishara ya Msalaba ni somo. Siku ya likizo ambayo mtoto wa bweni anapika na mama yake ni somo. Wala umaskini si kizuizi, kwa maana kitabu cha Mithali (15:17) kinatufundisha kwamba mboga za majani penye upendo ni bora kuliko nyama iliyonona penye chuki.

Basi, wazazi wapendwa, mleteni mtoto kwa katekista, nasi tutampokea kwa furaha. Lakini jioni hiyo, akirudi, mkute akiwa na nafasi karibu na jiko, na mwulizeni amejifunza nini. Kama jibu lake hamlijui, jifunzeni pamoja naye. Hiyo pia ni katekesi.

Familia Takatifu ya Nazareti iziombee familia zetu, na Mungu Mwenyezi abariki meza zenu na wote wanaoizunguka. Amina.